Kermit ni mkono wa nani?

Jim Henson, mchezesha vikaragosi wa Marekani, alifariki New York tarehe 16 Mei 1990, akiwa na umri wa miaka 53, kwa maambukizi ya mapafu yaliyomwondoa ndani ya siku chache. Aliacha watoto watano na kundi kubwa la vikaragosi, baadhi yao wakiwa wamezungumza kwa sauti yake tangu alipokuwa kijana. Wawili kati yao wananivutia kwa namna walivyotendewa baada ya msiba. Kermit, yule chura wa kijani, alirudi kwenye televisheni Novemba ya mwaka huohuo akiwa na mkono wa mtu mwingine ndani yake. Rowlf, mbwa wa kahawia anayepiga piano, aliwekwa kando. Alionekana hapa na pale, lakini ni kama hakusema neno mpaka 1996.

Mbona mmoja alirithiwa upesi hivyo na mwenzake akaachwa kimya miaka sita? Jibu jepesi ni fedha, na lina ukweli wake. Henson alifariki kampuni yake ikiwa kwenye mazungumzo ya kununuliwa na Disney, na hakuna ambaye angetoa hela kwa kampuni hiyo bila Kermit. Rowlf angeweza kusubiri. Lakini fedha haielezi mbona watu waliofanya kazi na Henson kila siku, waliomfahamu Rowlf kuliko mhasibu yeyote, waliona kumnyamazisha ndiyo heshima. Ikumbukwe kwamba Rowlf alizaliwa 1962 kwa ajili ya matangazo ya chakula cha mbwa, akapata umaarufu Marekani nzima kabla ya Kermit. Hakuwa mhusika mdogo. Walimnyamazisha kwa sababu walijua kitu ambacho sisi watazamaji hatukijui, au tunakijua na hatutaki kukiwaza: tunapomkumbuka kikaragosi kwa mapenzi, tunamkumbuka mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Kitambaa ni kitambaa. Tuliyempenda ni mkono, na mkono hauandikwi kwenye hati ya mauziano.

Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa, maana kila mara mtu anapoleta mazungumzo ya vikaragosi wa utotoni, yanaishia kwenye rangi zao na nyimbo zao, utadhani walijiendesha wenyewe.

Kermit wa kwanza alitengenezwa 1955. Henson alikuwa na miaka 18, anatafuta riziki kwenye kituo kimoja cha televisheni cha Washington. Alichukua koti kuukuu la mama yake, la rangi ya kijani iliyoelekea buluu, akalikata na kulishona, kisha akapasua mpira wa tenisi ya mezani katikati na kupata macho mawili. Hakuwa chura bado. Alikuwa kiumbe tu, mjusi-mjusi hivi. Uchura ulikuja baadaye. Ndani ya kichwa hamkuwa na kitu, na hapo ndipo penye ufundi wote. Vikaragosi waliovuma kabla yake walikuwa na vichwa vya mbao, vilivyochongwa ili vionekane na mtu aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Kamera ya televisheni inasogea mpaka puani. Ubao hauwezi kukunja uso, hauwezi kumeza mate kwa aibu, hauwezi kubana midomo mtu anapokasirika lakini hataki kusema. Vidole vitano ndani ya kitambaa laini vinaweza. Kila mnachokiona Kermit akikifanya kwa uso ni ngumi ya mtu inayofunguka na kufumba.

Henson aliona jambo jingine: hakuna haja ya kibanda wala pazia. Ukingo wa skrini ya televisheni unatosha kuwa jukwaa. Mchezeshaji anakaa chini yake, mkono wa kulia juu, shingo imepinda, macho kwenye skrini ndogo iliyowekwa sakafuni inayomwonyesha kile hasa atakachokiona mtazamaji nyumbani. Picha hiyo haigeuki kama ya kwenye kioo, kwa hiyo anayeanza kazi huchanganyikiwa: anataka kumpeleka kikaragosi upande huu, mkono unakwenda ule. Inachukua muda mrefu mpaka mkono ujifunze. Kwa The Muppet Show, kipindi kilichorekodiwa Elstree, Uingereza, kuanzia 1976 hadi 1981, jukwaa zima liliinuliwa ili wachezeshaji waweze kusimama chini yake badala ya kupiga magoti siku nzima. Kuna watu waliozeeka mabega katika kazi hii.

Na mwili wa mchezeshaji unaacha alama. Tazama tena picha za zamani za Kermit na vikaragosi wenzake Ernie, Grover na Bert: wengi wao ni wa mkono wa shoto. Sababu ni rahisi. Mkono wa kulia wa mchezeshaji umo kichwani mwa kikaragosi. Unaobaki huru ni wa kushoto, na ndio unaopunga, unaoonyesha kidole, unaoshika fito nyembamba zinazoendesha mikono. Chura amekuwa mashoto kwa sababu mtu aliye chini yake hakuwa mashoto.

Kuna kipande cha Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, cha miaka ya 70 ambacho nadhani kinatosha kumaliza ubishi wowote kuhusu hoja hii. Kermit amekaa na msichana mdogo, wanaimba alfabeti. Msichana anafika herufi kadhaa, halafu badala ya herufi inayofuata anatia jina la Cookie Monster, kikaragosi mla biskuti wa kipindi hicho, kisha anacheka. Kermit anamsahihisha kwa upole. Wanaanza upya. Anarudia utundu uleule, kicheko kimezidi. Kermit anaanza kukereka, uso unajikunja kidogo. Mara nyingine tena. Mwishoni chura anakata tamaa, anaondoka kwenye picha kwa hasira. Msichana anabaki peke yake, anaangalia alikokwenda, na kwa sauti ndogo anamwambia kwamba anampenda. Kermit anarudi. Anamjibu kuwa naye anampenda.

Hakuna mwandishi aliyekiandika kile. Kilichotokea ni kwamba mtu mzima mwenye ndevu alikuwa amejikunyata chini ya fremu, mtoto anamwona waziwazi iwapo ataangalia chini, na hakuangalia chini hata mara moja. Alikuwa anaongea na Kermit. Na yule mtu wa chini alikuwa anamsikiliza mtoto kwa makini kiasi cha kujua saa ya kukasirika na saa ya kurudi. Kipande hicho kimetazamwa na vizazi kadhaa, na kila anayekitazama anatabasamu palepale chura anaporudi. Tunatabasamu kwa sababu mtu mmoja aliamua, katika nusu sekunde, kurudisha mkono kwenye picha.

Sisi wa Tanzania Bara tuliingia kwenye hadithi hii katikati. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, ya rangi tena, na Kenya walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Bara tulisubiri mpaka 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo kulikuwa na kanda za video, za jirani aliyekuwa na deki, au za ndugu aliyerudi kutoka Ulaya na begi limejaa katuni. Kwa hiyo wengi wetu tulipomkuta Kermit, Henson alikuwa ameshazikwa. Kanda zilichanganyika: hii ya 1979, ile ya 1992, zote ni chura yuleyule kwenye jalada. Tulikuwa tunawatazama wachezeshaji wawili bila kujua. Nikirudia kanda hizo leo kwenye intaneti tofauti inanijia hata nisipoitafuta. Chura wa kwanza ana uchovu wa kiongozi wa kundi la vichaa. Anapaza sauti, anachanganyikiwa, anapunga mikono hewani. Wa pili ni mpole zaidi, ana huruma zaidi, na hajachoka. Ni mzuri. Ila yule wa kwanza alikuwa na kichaa chake pia, amekificha nyuma ya adabu.

Wa pili ni Steve Whitmire, aliyejiunga na Henson 1978. Alimjua vizuri bosi wake, alikuwa hodari kwa wahusika wake mwenyewe, na familia ya Henson ndiyo iliyomwomba avae Kermit. Lakini hakuna aliyemfundisha Kermit. Henson hakuwa na mwanafunzi wa chura huyo. Nani angemwandalia mrithi mtu wa miaka 53 mwenye afya? Whitmire alianza kwa kukumbuka, na kukumbuka ni kazi tofauti na kujifunza. Ernie, ambaye pia alikuwa wa Henson, alikaa kimya kwenye Sesame Street mpaka 1993, na Whitmire akaja kumchukua baada ya miaka hiyo ya kupumua. Kwa masikio yangu Ernie wake alitulia mapema kuliko Kermit wake. Sidhani ni bahati. Ernie alipewa muda wa msiba. Kermit alipewa miezi sita na kamera.

Baada ya hapo kitambaa kilianza safari zake. Mazungumzo na Disney yalivunjika mwishoni mwa 1990. Mwaka 2000 familia iliiuza kampuni kwa Wajerumani wa EM.TV kwa dola milioni 680, ikainunua tena 2003 kwa bei ya chini sana, na katikati ya purukushani hiyo vikaragosi wa Sesame Street wakawa mali ya Sesame Workshop, shirika linalotengeneza kipindi hicho. Februari 2004 Disney wakanunua waliobaki, Kermit na Miss Piggy wakiwa mbele. Matokeo yake ni kituko cha kisheria: Kermit, aliyekuwa ripota wa habari wa Sesame Street na koti lake la mvua, sasa akienda mtaa ule anakwenda kama mgeni, kwa ruhusa ya mwenye mali. Cookie Monster yuko upande mmoja wa ukuta, chura upande mwingine, na wote wawili walishonwa kwenye karakana moja.

Mwaka 2016 Disney walimwondoa Whitmire. Habari ikatoka hadharani Julai 2017. Kampuni ililalamikia mwenendo wake kazini, mwenyewe akapinga, watoto wa Henson wakaunga mkono uamuzi. Sina ushahidi wa kumhukumu yeyote na hilo halinihusu. Linalonihusu ni kwamba miaka 26 ya mkono mmoja ilikatika tena bila makabidhiano, na kikaragosi akapewa mchezeshaji mwingine, Matt Vogel.

Hapa ndipo jambo linaponoga, kwa sababu Vogel huyohuyo ndiye Big Bird.

Kwa asiyemjua, Big Bird ni ndege wa manjano wa Sesame Street, urefu wake karibu mita mbili na nusu, akili yake ya mtoto wa miaka sita. Caroll Spinney alikuwa ndani yake tangu kipindi kinaanza Novemba 1969. Ukiisikia kazi yenyewe unashangaa mtu aliwezaje kuifanya wiki moja. Mkono wa kulia unanyooshwa juu ya kichwa muda wote, maana ndio shingo na mdomo wa ndege. Kidole kidogo kinaendesha macho. Mkono wa kushoto uko kwenye bawa la kushoto, na bawa la kulia linavutwa na mshipi wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye lile la kushoto, ndiyo maana linapopanda hili lile linashuka. Haoni nje kabisa. Kifuani amefungiwa skrini ndogo, na karatasi za maneno zimebandikwa pembeni yake. Humo ndani joto, manyoya na giza. Alifanya hivyo kwa karibu miaka hamsini, na wakati huohuo alikuwa Oscar, yule mkaa pipani mwenye hasira na dunia nzima. Nikiwaza mtu mmoja kuwa mtoto asiye na kinyongo asubuhi na mzee mwenye kinyongo mchana, ninaona wale wanaogawa tuzo za uigizaji walipitwa na jambo.

Spinney ndiye aliyekuwa ndani siku ile ngumu kuliko zote za kipindi hicho. Will Lee, mwigizaji aliyecheza Bwana Hooper mwenye duka, alifariki Desemba 1982. Watayarishaji wangeweza kusema amestaafu, amehamia mji mwingine. Waliamua kuwaambia watoto ukweli, na kipindi kikarushwa tarehe 24 Novemba 1983. Big Bird anagawa michoro aliyowachorea watu wazima wa mtaa wake, mmoja mmoja, kila mtu anafurahi. Anabaki na mmoja mkononi. Anauliza Bwana Hooper yuko wapi ampe wake. Wanamkumbusha kwamba amekufa. Sawa, anasema, nitampa akirudi. Na hapo mtu mzima mmoja analazimika kumweleza kwamba watu wakifa hawarudi. Ndege anauliza kwa nini iwe hivyo, na jibu analopewa ni kwamba ni hivyo tu. Waigizaji wanalia na machozi si ya kuigiza. Yule mzee alikuwa mwenzao. Michoro ile aliichora Spinney mwenyewe. Ukijua hilo, kipande kinageuka: mtu amechora sura ya rafiki yake aliyefariki, halafu ameingia ndani ya manyoya kwenda kuuliza, kwa sauti ya mtoto, swali ambalo mtu mzima anaona aibu kuuliza.

Nimekaa sana hapa, najua. Lakini hicho ndicho kipimo changu cha kikaragosi aliyekamilika, na kila ninapomwona mtu akidharau kazi hii kuwa mchezo wa watoto namkumbuka yule ndege na karatasi yake.

Henson alipoagwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, New York, siku tano baada ya kifo chake, aliacha ombi kwamba watu wasivae nguo nyeusi. Big Bird aliingia peke yake, akaimba wimbo wa Kermit kuhusu kuwa wa kijani, akatazama juu na kumshukuru chura. Spinney alikuwa ndani, gizani, akimwimbia mwenzake kwa sauti ambayo si yake.

Sasa linganisha makabidhiano. Vogel aliingia kwenye manyoya ya Big Bird kama msaidizi miaka ya 90, Spinney akiwa hai, kazini, anamwona na kumrekebisha. Kuanzia 2015 mwili wa mzee uliposhindwa, Vogel aliuendesha mwili wa ndege na Spinney akabaki na sauti: watu wawili, ndege mmoja, kwa takriban miaka mitatu. Spinney alistaafu Oktoba 2018 na kufariki Desemba 2019. Ni kama ufundi wa kuunda jahazi Lamu au Nungwi, ambako mwanafunzi hapewi kitabu. Anashika ubao upande wa pili mpaka siku mkono wake unapokata sawa na wa fundi, na hakuna anayejua siku hiyo ilikuwa ipi. Mtoto aliyemtazama Big Bird mwaka 2014 na mdogo wake aliyemtazama 2019 hawana la kubishana.

Kwa Kermit, Vogel huyuhuyu, kipaji hikihiki, alipokea chura ambaye mwenyewe wa kwanza alikuwa amefariki miaka 27 kabla na wa pili ameondoka kwa ugomvi. Hakuna aliyeshika ubao upande wa pili. Na kwa macho yangu inaonekana. Big Bird wake namwamini tangu sekunde ya kwanza. Kermit wake namstahi, naisikia sauti ikitafuta mahali pa kukaa. Mara chache sana maisha yanakupa jaribio safi namna hii: mchezeshaji mmoja, urithi wawili, kilichotofautiana ni kufundishwa tu. Wapo watakaosema Kermit ni mgumu zaidi kwa sababu kila mtu anaikumbuka sauti yake. Big Bird naye tunaikumbuka. Wapo watakaosema ninasikia ninachotaka kusikia, na hao siwezi kuwajibu, isipokuwa kuwaomba wasikilize wakiwa wamefumba macho.

Frank Oz, mchezeshaji mwenzake Henson, alipoamua kupunguza kazi, kati ya mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikaragosi wake Bert, Grover, Miss Piggy na Fozzie walikwenda kwa Eric Jacobson, naye Oz yuko hai na amewahi kumwelekeza. Jacobson ndiye pia aliyemchukua Oscar kutoka kwa Spinney. Huyo kijana anatembea na nusu ya utoto wa Marekani kwenye mkono wa kulia.

Oz mwenyewe ni mtoto wa wachezesha vikaragosi, alijiunga na Henson 1963 akiwa na miaka 19, na ndiye Yoda wa 1980, yule wa filamu za Star Wars. Yule mzee wa kijani mwenye masikio marefu alikuwa mpira na sponji, Oz chini ya sakafu ya seti, mwigizaji Mark Hamill juu akiwa na kispika sikioni ili asikie maneno ya mwenzake. Mwaka 2002 walimtengeneza upya kwa kompyuta, akaruka na kupigana kwa upanga kama kumbikumbi. Watu walipiga makofi kwenye sinema. Lakini filamu ya 2017 ilipohitaji Yoda aje kumshauri mtu aliyevunjika moyo, walimrudisha kikaragosi, na Oz chini yake. Waliokuwa na kompyuta zote za dunia waliona kwamba kwa kazi ya kumtazama mtu machoni wanahitaji mkono. Sina haja ya kuongeza.

Kwetu, vikaragosi hao walikuja na Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 2000 kupitia Kilimani Sesame, kwenye televisheni, redio na vitabu, wakizungumzia malaria na VVU kwa watoto wadogo. Wahusika wengi walitoka toleo la Afrika Kusini, Takalani Sesame, Kami akiwa miongoni mwao: msichana wa miaka mitano mwenye rangi ya haradali, yatima, aliyeambukizwa virusi kwa kuongezewa damu akiwa mchanga. Alipotangazwa 2002 kuna wabunge wa Marekani waliandika barua kuonyesha wasiwasi wasije wakamwona kwenye runinga zao. Huku kwetu, ambako kila ukoo ulikuwa na kaburi la ugonjwa ule, mtoto kama Kami alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu. Tatizo la Kilimani Sesame ni lile nililokwisha kulieleza: mkono ulikuwa Johannesburg, sauti iliwekwa juu yake kwa Kiswahili. Mafunzo yalifika na watoto walijifunza. Ila mkono haukuwa ukisikia kinachosemwa na mdomo. Kikaragosi akisimuliwa kwa lugha nyingine baada ya kupigwa picha, anakuwa mtu anayetafuna na kuongea kwa wakati tofauti. Na mtoto wa Kitanzania hakukaa naye kumharibia alfabeti.

Siku hizi Dar es Salaam inatengeneza vipindi bora vya watoto, Ubongo Kids na Akili and Me, na vinakwenda nchi nyingi. Ni katuni. Naelewa kwa nini: katuni inabadilishwa lugha kwa urahisi, haichoki bega, haifi. Mzalishaji mwenye bajeti yetu angekuwa mwendawazimu kuanza na sponji na wachezeshaji wanaohitaji miaka kumi kukomaa. Hata hivyo katuni haiwezi kumsubiri mtoto amalize kucheka.

Nairobi walithubutu, kwa watu wazima. Gado, mchoraji katuni aliyezaliwa Dar es Salaam na kuhamia gazeti la Nation mwaka 1992, alianzisha XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha kuwakejeli wanasiasa, kilichoanza kurushwa kwenye televisheni ya Citizen 2009, akifuata njia ya Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols ya Ufaransa. Vichwa vya mpira vya Kibaki, Raila, Ruto na wenzao, pua zimevutwa, mashavu yamejazwa. Nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiacha sahani mezani kipindi kikianza. Ufundi ulikuwa wa hali ya juu na ujasiri ulikuwa mkubwa zaidi. Lakini wale ni jamii nyingine ya vikaragosi. Uhai wao wanauazima kwa mtu aliye kwenye taarifa ya habari. Kibaki alipoondoka Ikulu 2013, kichwa chake cha mpira kilikosa kazi, na hakuna mchezeshaji yeyote, hata awe Spinney, ambaye angekiokoa. Watu wanakikumbuka kipindi, na wana haki. Sijakutana na mtu aliyeniambia amemkumbuka kikaragosi wa waziri.